Kilo Mbili Mkiani

Kabla ya kuwa na kiwanda, kampuni ilikuwa na mizani, na hata mizani yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa mizani ya ghala la nafaka, na aliyeisimamia alikuwa shangazi yangu.

Kwa miaka kumi na minne shangazi alisimama mlangoni mwa ghala lile, kalamu sikioni, akipima magunia ya mahindi na maharagwe yaliyoingia na yaliyotoka. Wachukuzi walimwita Bi Ratili, kwa jina la kipimo cha zamani kilichokwisha kutoweka sokoni lakini kikabaki midomoni mwa watu. Jina likamganda. Alikuwa na kipaji kimoja cha ajabu: akimtazama mtu kutoka utosini hadi kisiginoni, alimtajia uzito wake, na ilikuwa nadra akosee kwa zaidi ya kilo moja. Kwenye harusi za ukoo wetu wapo jamaa waliochagua viti vya mbali naye.

Mchana mmoja alifika ghalani mwanamume mwembamba. ("Kilo hamsini na nane," shangazi huongeza kila anaposimulia.) Alikuwa ameshika ncha moja ya kitu kirefu kilichofunikwa turubai, na ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa mwanamke kijana. Aliomba apimiwe. Shangazi akauliza ni bidhaa gani, akajibiwa kwamba ni bawa. Bawa la nini? La ndege. Wachukuzi walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya gunia, na mwingine akataka kujua kama kuku mwenyewe anakuja nyuma.

Yule mwanamume alikuwa mhandisi. Kwa miaka mingi alikuwa akikarabati ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Alizifungua na kuzifunga hadi akaijua kila skrubu, na mwishowe akajiambia kwamba anayeweza kuifufua ndege iliyokufa anaweza pia kuizaa iliyo mpya. Mwanamke kijana alikuwa mdogo wake, naye alikuwa rubani. Mali yao yote ilikuwa banda la bati nyuma ya karakana ya matrekta, mafundi tisa, na mchoro mmoja mkubwa uliochakaa kwenye mikunjo. Mizani hawakuwa nayo.

Waliliweka bawa juu ya mizani ya magunia, wakasubiri. Shangazi hakuandika kitu.

"Limekaa vibaya hilo," akasema. "Turubai lako linagusa sakafu. Kinachogusa sakafu kinabebwa na sakafu, si na mizani."

Mhandisi aliliinua turubai, na namba ikapanda. Alimtazama shangazi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na sasa anaangalia kama mwenyewe yupo karibu. Juma lililofuata alirudi na bawa la pili. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, kwa sababu alichokifuata ni shangazi. Alimweleza kwamba ghalani gunia likipungua kilo mbili, mtu atanung'unika, na yataishia hapo. Katika ndege, kilo mbili zikikaa mahali pasipofaa, mtu hatarudi nyumbani. Alihitaji mtu asiyeona haya kuzitaja kilo mbili mbele ya watu.

Bibi yangu, mama yake shangazi, aliposikia habari hizo alisema kwamba binti yake ameacha kupima mahindi, ambayo watu wanakula, amekwenda kupima kitu ambacho hakijazaliwa. Shangazi alimjibu kwamba hata mkunga huenda mapema. Jumatatu akaingia bandani.

Kazi yenyewe ilimkolea tangu siku ya kwanza. Alipima kila ubavu wa bawa, kila bomba, kila kopo la gundi kabla na baada ya kutumika, kila mfuko wa ribiti za kuungia bati. Aliandika yote katika daftari lenye jalada gumu jeusi, kipande, uzito wake, na mahali kinapokaa kutoka puani mwa ndege. Mafundi walisema mtu akipiga chafya bandani, Bi Ratili ataomba aipime kwenye mizani. Yeye hakukasirika. Alikuwa amegundua jambo ambalo magunia hayakumfundisha kamwe: kwamba uzito una anwani. Kilo moja ya puani na kilo moja ya mkiani si ndugu, hata kama mizani inazisoma sawasawa.

Na kuna siku moja ambayo mpaka leo akiisimulia macho humng'aa. Ndege ilikuwa imeunganishwa kwa mara ya kwanza, mbawa zote mbili zipo, injini bado haijafungwa. Ilisimama juu ya mizani tatu mpya ndogo, mbili chini ya magurudumu ya mbele na moja nyuma, chini ya kigurudumu cha mkia, ambao ulikuwa umeinuliwa juu ya kigoda mpaka pima maji ikasema ndege imelala sawa. Shangazi alikuwa anasoma, na namba zikawa zinacheza. Zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Akadhani mizani zimeharibika. Kisha akaiona kalenda ukutani ikipepea. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na upepo mdogo tu, upepo usioweza hata kuzima kiberiti, ulikuwa ukipita juu ya mbawa na kuanza kuzibeba.

"Ilikuwa ndani ya banda," husema shangazi. "Haina injini. Haina rubani. Na tayari ilikuwa inataka kwenda."

Tangu siku ile ndege hupimwa milango ikiwa imefungwa, na kalenda ikiwa imetulia.

Basi ikafika siku iliyokuwa inangojwa na wote. Lilikuwepo shirika linalopeleka madaktari na dawa mahali pasipo na barabara, nalo lilikuwa linatafuta ndege ndogo, nyepesi, inayoweza kutua uwanja wa mpira. Wakuu wake wangefika saa tatu asubuhi kuitazama. Wakiipenda, wangeagiza sita. Wasipoipenda, banda lingefungwa mwisho wa mwezi. Mhandisi aliwaambia mafundi wake hivyo hivyo, bila kuwazungusha. Ndege ilikuwa imekwisha kuruka mara nne, kwa mwendo wa taratibu, mwili wake ukiwa bati tupu. Sasa ilikuwa imepakwa rangi, nyeupe mwilini na nyekundu mkiani, na siku hiyo ingerushwa kwa kasi yake yote. Sheria ya banda, ambayo Mhandisi aliibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe, ilisema kwamba ndege haitoki nje mpaka kadi ya uzito iwe na sahihi ya mpimaji.

Saa kumi na mbili asubuhi walifunga milango, wakaipandisha ndege juu ya mizani. Gurudumu la kushoto lilisoma vile vile lilivyotarajiwa. La kulia pia. Kuisoma mizani ya mkia kulihitaji kulala kifudifudi sakafuni, na fundi wa injini, aliyekuwa na furaha kuliko wote, alitania kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shangazi aliinama. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Thelathini na sita," akasema. "Inatakiwa thelathini na nne, rangi ikiwemo."

Mhandisi alimwomba asome tena. Akasoma tena. Waliziba nyufa za mlango kwa matambara yaliyoloweshwa maji. Kalenda ilitulia kama picha. Thelathini na sita.

Rubani alikuwa amekwisha kuvaa, kofia iko kwapani, miguu haimtulii. Alisema kilo mbili ni uzito wa mkoba wake tu, atauacha chini, na waanze kusukuma ndege nje. Shangazi akamweleza kwa upole kwamba mkoba hukaa miguuni pake, katikati ya ndege, lakini hizi zimekaa mkiani, na yeye hajui ni kitu gani. Akijua, atatia sahihi.

Hapo Mhandisi, ambaye hakuwa amelala sawasawa kwa juma zima, akasema neno alilokuja kulijutia.

"Bi Ratili, kilo mbili ni kuku mmoja."

"Ndiyo," shangazi akajibu. "Na mimi uliniajiri nikuambie kuku amekaa wapi."

Hakuna aliyecheka. Kadi ya uzito ilikuwa juu ya meza, mahali pa sahihi pakiwa peupe, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda kwa wote.

Wakaanza kutafuta. Walifungua kila kifuniko cha mkiani na kumulika ndani kwa tochi, wakidhani kuna spana iliyosahauliwa. Walipata kitambaa cha kufutia mikono na kipande cha penseli. Shangazi akavipima: gramu sabini. Mafundi walianza kutazamana kwa jicho linalosema kwamba mama huyu atatufungia kiwanda kwa ajili ya namba. Yeye alikuwa akiifikiria ile hesabu. Magurudumu ya mbele hayakuwa yameongezeka hata kidogo. Basi kitu hicho hakikuwa njiani kuelekea mkiani; kilikuwa kwenye mkia wenyewe, mwisho kabisa. Akaenda nyuma ya ndege, akaupitisha mkono juu ya bati taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Pale rangi nyeupe ilipokutana na nyekundu, ukucha wake ulikwama. Palikuwa na ngazi ndogo ya rangi.

Alikwenda stoo, akarudi na makopo ya rangi, akayapanga juu ya mizani ndogo, moja baada ya jingine, akifungua daftari kuona yalikuwa na uzito gani siku alipoyatoa. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa limepungukiwa na kilo tano. Mkono mmoja wa rangi, yaani kupaka mara moja, ungekula kilo moja tu na zaidi kidogo. Nusu ya rangi, akaeleza, hukaukia hewani pamoja na thina, dawa ya kuizimulia. Nusu nyingine hubaki palepale ilipopakwa.

Macho yote yakamgeukia Fundi Rangi. Huyu alikuwa mtu mzima, msanii wa malori kabla ya kuja bandani, mchora simba na maua mwenye sifa barabara nzima, na kwa kawaida yeye ndiye alikuwa redio ya banda. Ndipo watu wakatambua kwamba tangu asubuhi redio ilikuwa imezimwa.

"Mikono mingapi, kaka yangu?" shangazi akauliza.

"Mmoja."

Shangazi akalitazama kopo.

"Miwili," akasema Fundi Rangi. Kisha akavua kofia. "Minne, dada. Mkono wa kwanza, ile nyekundu juu ya nyeupe ilitoka kama ufizi wa mtoto. Ningewaonyeshaje wageni mkia wenye rangi ya ufizi? Nikasema kizuri chajiuza."

Fundi mmoja alinung'unika kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini Mhandisi alimnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amekwisha kuchukua bisibisi. Aliufungua usukani wa mkia, lile bapa la nyuma linalogeuza pua ya ndege kulia na kushoto, akaushika kwa bawaba zake tu, mbele ya wote, ili uning'inie. Ulipotengenezwa ulikuwa umesawazishwa hata ukakaa katikati bila kuelemea upande wowote. Sasa ukingo wake wa nyuma ulishuka chini polepole, kama kichwa cha mwanafunzi anayesinzia darasani.

Rubani aliketi juu ya sanduku la vifaa. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Usukani ulioelemea nyuma hauna neno ndege ikienda taratibu. Ikishika kasi, unaweza kuanza kutetemeka kama bendera katika upepo mkali, na ukishaanza hausubiri kuombwa radhi. Huchukua sekunde chache kung'oka na kuondoka na mkia. Na siku hiyo alikuwa amepanga kwenda kwa kasi yote.

"Haba na haba hujaza kibaba," shangazi akasema.

Wa kwanza kushika msasa alikuwa Fundi Rangi mwenyewe. Walivifungua pia vile vibao viwili vinavyoinua na kushusha pua, wakavilaza juu ya meza, wakamwaga dawa ya kubandua rangi, na watu tisa wakaanza kukwangua kwa bidii ya kuku kwenye jalala. Shangazi alikuwa anapita katikati yao na mizani yake. Banda lilinuka mpaka machozi yakatoka, na katika machozi hayo kukatokea furaha fulani ya ajabu, kwa sababu sasa kila mtu alijua adui ni nani na kila mtu alikuwa na kipande chake cha kumkwangua.

Wageni hawakungoja saa tatu. Saa mbili na nusu magari mawili yalisimama nje. Fundi wa injini alishauri haraka haraka kwamba waambiwe injini inapashwa moto, wapewe chai, na mlango ubaki umefungwa. Mhandisi alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anapima kibao cha kushoto wala hakuinua kichwa. Basi Mhandisi akajifuta mikono kwenye suruali yake nzuri, akafungua mlango, akawaeleza wageni kila kitu kama kilivyokuwa: kilo mbili, mikono minne, na kadi isiyo na sahihi.

Kiongozi wao alikuwa daktari, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba aione ile kadi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Nani aliyekataa kutia sahihi?"

Vidole tisa vyenye rangi nyekundu vikamwelekea shangazi.

Daktari akamwendea. "Nimewahi kutoa dawa kwa matone kwa watoto wa kilo tatu, mama," akamwambia. "Hizo kilo mbili zako mimi nazifahamu."

Kisha akavua koti, akalikunja, akatafuta kiti. Alisema atangoja, na ndege ikiwa tayari angependa apande pia. Shangazi akamjibu kwamba hilo linawezekana, ila abiria naye ni mzigo na lazima aandikwe. Daktari akasema waandike themanini. Shangazi akamtazama kutoka utosini hadi kisiginoni, na mafundi waliokuwa wanamfahamu wakaacha kukwangua.

"Tisini na tatu," akasema. "Na viatu."

Daktari alipanda mizani ili amsute. Ikasoma tisini na tatu na nusu. Wenzake walicheka mpaka naye mwenyewe akashindwa kujizuia, na shangazi akamwomba radhi kwa ile nusu.

Saa saba mchana usukani na vibao vilikuwa bati tupu linalong'aa, vimetundikwa kwa bawaba zake na kukaa sawa. Ndege ikapanda tena mizani, milango imefungwa, daktari na wenzake wakiwa wameambiwa wasiguse kitu wala kupumua kwa nguvu. Shangazi akalala kifudifudi kwa mara ya mwisho. Mkia ulikuwa umepungua hata chini ya thelathini na nne, kwa sababu sasa haukuwa na rangi kabisa, na Mhandisi alifanya hesabu yake mara mbili na kusema hivyo ni bora zaidi. Shangazi akatia sahihi. Jina lilipanda kilima na kushuka. Kadi hiyo ipo mpaka leo.

Nimeisikia habari ya ndege kuondoka kutoka kwa watu wanne, na wote husimama wanapofika hapo, kana kwamba hadithi hii haiwezi kusimuliwa mtu akiwa ameketi. Rubani aliiendesha hadi mwisho wa uwanja wa kurukia, akaigeuza, injini ikapandisha sauti, majani nyuma yake yakalala. Ikaanza kukimbia. Kwenye ndege ya namna ile kinachoinuka kwanza ni mkia. Watu wote hutazama magurudumu ya mbele, lakini shangazi na Fundi Rangi, waliokuwa wamesimama bega kwa bega, walitazama nyuma. Mkia ukanyanyuka. Ulinyanyuka mwepesi, bila kusita, ukashika jua kwa lile bati tupu, na Fundi Rangi akamshika shangazi mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Kisha ndege nzima ikaachana na ardhi.

Ilizunguka juu yao kwa mwendo wa taratibu, halafu kwa kasi zaidi, halafu kwa kasi yote. Mhandisi alikuwa anaongea peke yake. Ilipopita chini chini mbele yao, sauti yake ikawapiga vifuani, na usukani ulikuwa umetulia tuli kama mstari uliochorwa kwa rula. Rubani alipotua alifungua mlango kabla ya injini kunyamaza, akamwita yule daktari wa tisini na tatu na nusu apande.

Waliagiza sita. Daktari alisema, kabla ya kuingia garini, kwamba ndege nzuri ameziona nyingi, lakini leo ameona ndege ikikataliwa na watu wake wenyewe, na hiyo ndiyo anayotaka awapandishe madaktari wake.

Sita zilizaa nyingine. Ukuta wa nyuma wa banda ulibomolewa mwaka uliofuata, na mwaka wa tatu karakana ya matrekta ikahama kupisha kiwanda. Leo wapo wafanyakazi mia mbili na kumi, mistari mitatu ya kuunganishia ndege, na chumba cha mizani chenye milango mizito inayofungwa kwa kitufe. Ndege arobaini zimetoka mle ndani. Zinapakwa rangi ya kila aina anayoitaka mnunuzi, isipokuwa mahali pamoja. Usukani wa mkia na vile vibao viwili hubaki bati tupu. Watu wa nje hudhani ni mtindo, na kampuni nyingine imeanza hata kuuiga. Anayevilinda ni Fundi Rangi, ambaye sasa ana vijana kumi na wanne chini yake, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kusogeza brashi karibu na hapo. Mgeni akiuliza kwa nini mkia haukupakwa rangi, hujibu kwa fahari, "Huo nimeupaka mimi."

Juma lililopita nilikwenda kuwaona wakiipima ndege ya arobaini na moja. Shangazi ana miwani sasa, na anayelala sakafuni kusoma mizani ya mkia ni msichana aliyemfundisha yeye. Niliingia kwa haraka, nimejaa hamu, nikitaka kuona kila kitu kwa pamoja. Shangazi alikuwa ameshika daftari, macho yake kwenye kalenda ukutani. Ilikuwa inatikisika kidogo.

Hakunisalimu kwanza.

"Mwanangu, funga mlango," akasema. "Inataka kwenda kabla hatujamaliza."